Esnah wa Fomu na Bei ya Pasipoti

Ukifika soko la Ekerenyo usiulize Esnah Nyanchoka yuko wapi, maana utazungushwa mpaka uchoke. Kuna Esnah wa ndizi, kuna Esnah mke wa mwenye poshomili ya kusaga unga, na kuna Esnah mwingine aliyeolewa huku juzi kutoka Nyamache. Wewe uliza Esnah wa Fomu. Hata kijana wa boda boda aliyelala juu ya tangi la pikipiki ataamka akuonyeshe kwa kidole: mlango wa bluu, pale karibu na yule fundi wa nguo mwenye mdomo.

Fundi wa nguo mwenye mdomo ni mimi. Naitwa Bitutu, na sikatai. Mdomo nilipewa na Mungu, cherehani nilinunua mwenyewe, na vyote viwili vinafanya kazi. Mimi na Esnah tumegawana baraza moja na ukuta mmoja kwa miaka kumi na miwili, na ukuta wenyewe ni wa mbao tu. Kwa hiyo haya nitakayosema, kama sikuyaona, niliyasikia.

Esnah si mtu wa kupendwa siku ya kwanza. Mteja akiingia na kusema hajui tarehe yake ya kuzaliwa, Esnah humtazama juu ya miwani mpaka mtu mzima aanze kujikuna shingo. "Hujui ulizaliwa lini, na unataka kuvuka bahari?" Chapati zake ni ngumu, nimeshamwambia azipeleke kwa fundi wa viatu atengenezee soli. Na akikasirika hapigi kelele kama mimi, hunyamaza tu, siku tatu nzima, mpaka unatamani akutukane. Lakini mtu mwaminifu kama huyo sijawahi kumwona, na mimi nimeona watu.

Alianza kazi hii kabla ya kompyuta kujulikana huku kwetu. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha nne. Shamba la chai likagawanywa kwa ndugu wa kiume, yeye akapewa taipureta kuukuu ya mjomba, kama vile unavyompa mtoto ganda la hindi acheze. Akaibeba mpaka Nyamira mjini, akakaa chini ya mwavuli nje ya maofisi, akawa anawapigia watu chapa barua na hati za kiapo. Huko ndiko alikoona mambo. Aliona akina mama wakitozwa na matapeli mara tatu kwa karatasi moja: hii ya serikali, hii ya chai, hii ya kusukuma faili. Mama anarudi nyumbani hajui ni ipi ilikuwa ya kweli.

Ndiyo maana alipofungua saiba yake hapa, duka la kompyuta, kitu cha kwanza kubandika ukutani, kabla hata ya picha ya arusi yake, kilikuwa karatasi ya manila yenye safu mbili. Kushoto aliandika "Ya Serikali". Kulia akaandika "Ya Esnah". Cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, pasipoti, kila kitu na bei yake. Safu ya kulia haijawahi kubadilika, shilingi mia mbili, uwe unakwenda Uganda au mwisho wa dunia. Ya kushoto ameifuta na kuiandika tena mara nyingi mpaka manila ikatoboka.

"Bitutu, hii ya kushoto si yangu," alikuwa akiniambia. "Lakini matusi yake yote naletewa mimi."

Ni kweli. Serikali haina dirisha Ekerenyo. Mtu akitaka kuitukana, anamtukana Esnah.

Sasa nije kwa Tata Masese, kwa sababu huwezi kumjua Esnah bila yeye. Tata ni baba, ndivyo tunavyowaita wazee huku. Masese ni mzee wa kanisa kwao, Waadventista, yaani Wasabato, kanisa lile lile la Esnah. Mimi ni Mkatoliki, nawashonea tu sare za kwaya. Mzee ni mjane. Mkewe, Nyanchera, tulimzika zamani. Ana chai kidogo juu ya mlima, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Eric, aliyekwenda ng'ambo kusoma, akaoa Maureen, wakabaki huko wakifanya kazi ya kutunza wazee wa watu wengine.

Miaka mitatu iliyopita Eric aliugua. Tulidhani ni homa, kumbe ni ini, na lilikuwa limekwisha kuharibika. Siku moja Maureen akapiga simu, na mzee akaisikiliza pale pale barazani kwetu kwenye kile kisimu chake kidogo chenye tochi, mulika mwizi, sauti juu, sote tukasikia. "Tata, Eric anakuita. Kila siku anakuita. Njoo umwone."

Kwenda ng'ambo kuna viza, na kabla ya viza kuna pasipoti, na mzee hakuwa nayo. Jumanne Esnah akamjazia fomu yote, bila hata ile mia mbili yake. Ikabaki kulipa tu. Mzee akasema anaye mtamba, atamuuza Ijumaa, siku ya soko la ng'ombe kule upande wa pili wa mlima, na Ijumaa hiyo hiyo atalipa.

Jumatano ikatangazwa kwenye redio: ada ya pasipoti inapanda. Inapanda kwa zaidi ya nusu, na bei mpya inaanza Jumamosi. Siku tatu! Mimi nilisimamisha cherehani nikauliza kama nimesikia vizuri. Esnah alichukua kalamu akaiweka mezani chini ya manila, tayari.

Ijumaa ikanyesha. Si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagika. Soko likachelewa, mnunuzi wa ng'ombe akachelewa, na barabara ya mlimani ikawa sabuni. Na Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio. Kila kazi inakoma kabla ya jua kuzama, kwa sababu Sabato inaingia na jua. Esnah huzima mashine saa kumi na moja na nusu, anaifunika kitambaa, anakwenda kuoga. Miaka yote hiyo hajawahi kukosa hata mara moja. Siku hiyo saa kumi na moja na nusu ikapita, mashine inaunguruma. Saa kumi na mbili ikapita. Alikuwa anatoka mlangoni, anatazama barabara, anarudi ndani. Saa kumi na mbili na nusu akatoka tena, akatazama kilima. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilionekana vizuri kabisa. Lilikuwa limegusa kilima, kisha likawa nusu, kisha halikuwepo. Akazima. Akafunga kufuli.

Bado ameshika ufunguo, mzee akatokea kwenye kona, matope mpaka kiunoni. Pikipiki ilikuwa imewaangusha, yeye na kijana wa boda boda, akatembea. Pesa alikuwa amezifunga kwenye leso, ameishika kwa mikono miwili.

"Jua limezama, mwanangu?" akauliza.

"Limezama, tata. Sasa hivi tu."

Wakasimama pale, kufuli iko kati yao. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, sindano mdomoni, nasubiri. Nasubiri mmoja wao aseme neno. Mzee aombe, au Esnah ajitolee. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi! Mashine ilikuwa bado ya moto! Mzee akatazama kilima, akamtazama Esnah, akaitia leso mfukoni.

"Basi Sabato njema, mwanangu."

"Sabato njema, tata."

Akageuka, akaanza kupanda mlima. Na mimi, mdomo huu ambao haujawahi kunyamaza hata kwenye misa, siku ile ulinyamaza. Nilijiambia dini ya watu ni ya watu. Mpaka leo najiuliza.

Jumapili bei ilikuwa mpya na pesa ya mtamba haikutosha. Kanisa likachangisha, wiki ya kwanza, wiki ya pili, watu wenyewe mifuko imekauka. Wiki ya tano, pesa zilipokaribia, Maureen akapiga simu tena, na safari hiyo hakuweza kuongea. Michango yote ikageuzwa kuwa ya kumleta Eric nyumbani. Baba hakwenda kwa mwana, mwana ndiye aliyekuja kwa baba, ndani ya sanduku. Tukamzika kando ya mama yake.

Hebu tuwe wakweli. Hata kama mzee angelipa Ijumaa ile, nani anajua kama pasipoti ingetoka haraka? Nani anajua kama viza angepewa? Nilimwambia Esnah hivyo mara mia. Alikuwa ananijibu neno moja: "Hakuna anayejua, Bitutu. Basi." Akakonda. Akawa anafuta meza ambayo haina vumbi. Mzee akipita barazani humsalimu vizuri tu, na Esnah humwitikia akitazama kibodi.

Miezi michache baadaye mzee akaketi kwenye benchi langu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu, "Esnah, hizi bei, nani huzipanga?"

Esnah akatoka nje. Akamweleza taratibu. Kwamba ada haianguki kutoka mbinguni. Wakubwa wa wizara hupiga hesabu, kitabu kinagharimu kiasi gani kukitengeneza. Halafu waziri anatia sahihi, inachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, wabunge wanaitazama. "Na kabla ya yote hayo," akasema, "sheria inataka wananchi waulizwe. Kunafanywa vikao, watu wanatoa maoni."

"Aa," mzee akasema. "Na mimi waliniuliza lini?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Jibu lilikuja kwangu mimi, kwa aibu yangu. Sisi mafundi wa nguo hukata vielelezo kwa magazeti ya zamani. Unaununua mzigo mzima kwa kilo, unachora mkono wa gauni, kola, mfuko, unakata. Siku moja Esnah aliingia kwangu kuazima mkasi, akaona kielelezo cha kola kimetundikwa msumarini, akakishika akaanza kukisoma. Lilikuwa tangazo. Herufi ndogo kama mayai ya chawa. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu ada za pasipoti zinazopendekezwa, mahali fulani, saa fulani... na tarehe mkasi wangu ulikuwa umeikata, pale pa shingo ya sare za kwaya ya akina mama. Kikao kilikuwa kimepita zamani, kabla ya ile Jumatano ya redio, na tangazo lake lilikuwa limekaa kwenye mzigo wangu.

Tangu siku hiyo, Esnah alinipiga marufuku kukata gazeti kabla hajalisoma. Nililalamika! Mteja anangoja sare ya shule na mimi nangoja Esnah amalize kusoma zabuni za mabomba. Lakini niliacha.

Wakati huo huo, Maureen alikuwa amejifungua. Alibaki na mimba Eric alipofariki. Mtoto wa kike, na kwa desturi yetu mtoto huitwa jina la aliyetangulia, basi akaitwa Nyanchera, jina la marehemu mke wa Masese. Mzee alipoonyeshwa picha kwenye simu ya Esnah, nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Babu na mjukuu wana utani wao, akawa anamwita "mke wangu". "Mke wangu anaota meno," anatwambia, "na yangu yanang'oka. Tutakutana katikati." Kisha siku moja akaja, akaketi, akasema bila utani, "Magoti yananiambia maneno. Huyu sitaki kungoja aletwe. Huyu nitamwendea mimi."

Esnah akafungua fomu upya siku hiyo hiyo. Mzee angelipa akipata bonasi ya chai, ile tunayolipwa mara moja kwa mwaka.

Haukupita mwezi, nikasikia kupitia ukuta, "Bitutu! Usikate!" Alikuwa ameshika ukurasa. Ada zinapendekezwa kupanda tena. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Kikao cha upande wetu, ukumbini Nyamira. Saa tatu asubuhi. Jumamosi.

"Jumamosi?" nikasema. "Hawa watu wanajua wanakuja wapi? Jumamosi huku hata kuku wanakwenda kanisani!"

Akapiga simu. Akajibiwa kwa adabu kwamba ratiba imeshachapishwa, lakini anaweza kuandika barua. Akaandika barua mbili. Hazikujibiwa, na siku zikaisha. Ijumaa ile alizima mashine saa kumi na moja na nusu, akafunga, akasimama mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa napiga pasi.

"Kesho utanisindikiza?"

"Kanisani kwenu? Umeniongoa lini?"

"Nyamira," akasema.

Niliinua pasi ili nisiunguze nguo ya watu. Nilijua anachosema. Msabato kuacha ibada akaenda kwenye mambo ya pesa na serikali, hata kama hanunui wala hauzi, ni jambo la kuitwa mbele ya baraza la kanisa. Nilimwambia, "Nitakuja. Na kama mbingu ina neno, iniulize mimi."

Ukumbi ule una viti mia mbili. Tulikuwa watu kumi na wanne, pamoja na mlinzi. Afisa alikuwa msichana mpole kutoka Nairobi, koo limekauka kwa vumbi la safari, na sikuweza kumchukia ingawa nilikuwa nimejitayarisha. Alituonyesha picha ukutani: kitabu kinachapishwa kwa kiasi gani, ile chipu ndani yake, mashine, usafirishaji, mishahara. Akasema vitu vyote vimepanda, unga umepanda, na kitabu pia. Sikuona uongo. Bwana mmoja akauliza kama kuna chakula cha mchana. Mwingine akataka kujua kuhusu barabara. Kisha afisa akauliza kama kuna maoni mengine, dakika tatu kila mtu.

Esnah akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, nililolishona mimi, na chini ya kwapa ameleta ile manila. Akaikunjua.

"Mimi leo sipaswi kuwa hapa," akasema. "Leo ni Sabato, na nusu ya Nyamira iko kanisani. Ndiyo maana mnaona viti vitupu. Msiandike kwamba watu hawakuwa na la kusema."

Afisa akaacha kuandika, akamtazama.

"Sijaja kusema pasipoti iwe bure. Hesabu zenu nimeziona, kitabu kina gharama. Nimekuja kwa ajili ya tarehe. Angalieni hii manila. Haya matundu ni bei zenu, nimefuta mpaka ukuta unaonekana. Kuna mzee alijaza fomu Jumanne kwa bei ya Jumanne. Jumatano mkatangaza. Jumamosi ikaanza. Mkulima wa chai, siku tatu atatoa wapi pesa? Akauza ng'ombe, akaja kwa miguu kwenye matope, akanikuta nimefunga mlango kwa sababu jua lilikuwa limezama. Mtoto wake akafa hajamwona." Hapo nikadhani ataketi. Hakuketi. "Ule mlango wangu niliufunga mimi, na nitajibu kwa Mungu wangu. Lakini kulikuwa na mlango wa pili, na ule mliufunga ninyi. Naomba kitu kimoja. Mtu akishajaza fomu kwa bei ya leo, mwacheni alipe bei ya leo. Mpeni siku thelathini. Thelathini tu."

Hata yule wa chakula cha mchana alikuwa ametazama chini. Afisa akashika kalamu. "Ulisema siku ngapi, mama?"

"Thelathini."

Akaandika. Niliona kwa macho yangu, kwa sababu nilikwenda mbele kuhakikisha.

Habari zilifika Ekerenyo kabla yetu. Wiki iliyofuata Esnah akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Mimi nilijikuta chini ya dirisha lao nimeshika futi ya kupimia. Mtu akiniuliza, nasubiri vipimo vya kwaya. Mwenyekiti, Bwana Onchiri, akasoma shtaka kwa upole: umeiacha ibada ya Sabato kwa shughuli za dunia. Esnah akasema ni kweli. Akaulizwa kama anajuta. Akasema, "Ninajuta Ijumaa moja. Hii Jumamosi, bado sijajua." Wakanong'ona. Kuondolewa ushirika kukatajwa.

Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa, na sauti ya Masese.

"Watu wanasema Esnah alinifungia mlango. Esnah mwenyewe anasema hivyo, nasikia alisema mpaka Nyamira. Si kweli. Mimi sikubisha hodi. Ningemwomba, angefungua. Nilijua. Lakini nilikuwa mzee wa kanisa, nikaona aibu kuomba jua likiwa limezama. Mtoto wangu alikuwa anakufa, na mimi natazama jua. Bwana wetu aliuliza, ni nani ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamtoa? Eric alikuwa shimoni. Huyu binti amekwenda juzi kutoa kondoo wa watu wengine, asiowajua. Mkimwondoa yeye, mniondoe na mimi, maana kosa langu ni la zamani zaidi."

Sikusikia kilichofuata kwa sababu Esnah alikuwa analia, na mimi pia, pale chini ya dirisha, futi shingoni. Muda wote huo! Kila mmoja alikuwa amebeba ule mzigo wote peke yake, wanasalimiana kila siku, hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilitaka kuwapiga wote wawili.

Hawakumwondoa. Walimwambia akae nyuma na asifundishe shule ya Sabato miezi mitatu. Nikasema ni upuuzi; Esnah akasema ni haki, nikaacha, mambo yao siyajui.

Bei mpya zikatoka. Zilipanda, usidhani hazikupanda. Zilipanda kama walivyopanga, hata senti haikupunguzwa, na nilitukana mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake. Esnah akanunua manila mpya, akaiandika safu ya kushoto kwa mwandiko mzuri. Kisha akaniita nisome chini kabisa ya tangazo, kwenye mstari wa mwisho. Mwenye ombi lililofunguliwa kabla ya tarehe ya kuanza, ana siku thelathini za kulipa kwa ada ya zamani.

Sijui kama ni kwa ajili yake. Vikao vilikuwa vingi, kote nchini, na huenda kuna Esnah mwingine mahali fulani aliyesimama na manila yake. Yeye mwenyewe hasemi. Alitoa tu miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena.

Na bonasi, kwa vile chai ni chai, ikachelewa. Tarehe ya kuanza ikapita mzee hana pesa. Siku ya kumi na moja, Ijumaa, ikaingia benki, na benki iko mbali, na foleni unaijua. Saa kumi na mbili jioni Esnah alikuwa amekwisha kuoga, akarudi kuchukua Biblia yake aliyoisahau dukani. Jua likazama. Anafunga kufuli, mzee huyo kwenye kona, anakimbia kwa mkongojo, kama mkongojo unaweza kukimbia. Akafika, akashika nguzo, akakitazama kilima, na nikaona uso wake ukianguka.

"Nimechelewa tena," akasema.

"Yaya, tata, hapana," Esnah akasema. "Hujachelewa."

"Lakini jua..."

"Liache lizame. Bei yako inakungoja. Siku kumi na tisa bado. Njoo Jumapili asubuhi, ukishakunywa chai, polepole. Tutalipa ile ile ya siku ya kwanza."

Mzee alimtazama kama mtu anayetafsiriwa lugha ngeni. "Inaningoja mimi?"

"Wewe."

Akaketi kwenye benchi langu, akavua kofia, akalia bila kujificha. Esnah akaketi kando yake na kumshika mkono, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Walikaa hivyo mpaka giza likaanza kuingia. Kisha mzee akajipangusa, akasema inabidi ampigie mke wake wa ng'ambo simu amwambie aanze kufagia nyumba. Akasimama.

"Basi Sabato njema, mwanangu."

"Sabato njema, tata."

Na safari hii na mimi, Mkatoliki, sindano mdomoni na yote, niliitikia.